Dawa ya Moto ni Moto: Historia ya Tiba za Mafua ya Chavua

Maradhi yamegawanyika mbele ya macho ya watu katika mafungu mawili: yaogopwayo na yachekwayo. Kifua kikuu huogopwa. Ndui iliogopwa mpaka ilipotokomezwa duniani. Lakini mtu apigaye chafya kumi kwa mfululizo, macho yakamwiva na pua ikamchuruzika maji, aghalabu huchekwa. Hana homa, halazwi kitandani, wala hapana jamaa aitwaye kumkesha. Hata hivyo usingizi humpotea, kazi humharibikia, mwanafunzi hushindwa kufikiri siku ya mtihani, na baadhi ya wenye maradhi haya hupata pia pumu, ambayo haichekwi na mtu. Kwa kuwa kicheko hakitafuti dawa, wagonjwa wa namna hii waliachwa muda mrefu wajitafutie wenyewe. Ndiyo sababu historia ya tiba zao haikai ndani ya kuta za hospitali peke yake. Imepita kwa wauza mitishamba, kwa wafuasi wa yoga, kwa wachoma sindano wa Kichina, kwa wafuga nyuki, na kwa madaktari waliohesabiwa na wenzao kuwa wameasi.

Kiswahili kina neno linalowafaa sana wagonjwa hawa. Zamani mzio lilikuwa jina la kitu, hasa chakula, ambacho mtu au ukoo hukiepuka kwa kuwa kitamdhuru, ingawa jirani hukila na kushiba salama. Neno hilo lilipochukuliwa kuwa jina la maradhi ambayo mwili hupigana na kitu kisicho adui, halikwenda mbali na kwao. Lugha za Ulaya hazikuwa na neno la namna hiyo, na mwaka 1906 daktari Clemens von Pirquet wa Vienna alilazimika kuunda jipya, aleji, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki. Chavua, yaani unga wa kiume wa maua na nyasi, vumbi la nyumbani, ngozi ya paka: vitu hivi ni salama kwa wengi na mzio kwa wachache. Mwili wa wachache hao huvipokea kama wavamizi, hufungua ghala zake za histamini, na pua hufura, huwasha na kumimina maji ili kumfukuza mgeni ambaye hakuja kwa vita.

Habari za mafua ya msimu ni za kale kuliko elimu yake. Tabibu mkuu Abu Bakr al-Razi wa mji wa Rayy katika Uajemi, aliyefariki katika robo ya kwanza ya karne ya 10, aliandika risala nzima kuhusu mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyekuwa akishikwa na mafua kila majira ya maua anuasapo waridi. Haiwezekani kuthibitisha leo kama kisa hicho kilikuwa mzio kwa maana yake ya sasa. Lakini risala hiyo ina jambo ambalo liliwapotea watu wengi baadaye: ilitazama majira, ikatazama kitu kilichonuswa, kisha ikaviunganisha na pua ya mtu mmoja maalumu.

Katika Ulaya uchunguzi ulianza kwa mgonjwa aliyekuwa tabibu. Mnamo Machi 1819 John Bostock, daktari mzaliwa wa Liverpool, alisimama mbele ya chama cha madaktari wa London akaeleza kisa cha mtu wa miaka 46 aliyeteswa na macho, pua na kifua kila kiangazi tangu utoto. Mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe. Orodha ya dawa alizokwisha kuzijaribu yatisha kuliko maradhi: alitolewa damu, akanywa dawa za kuharisha, akababuliwa ngozi kwa malengelenge, akapewa gome la mti wa kwinini, chuma, afyuni, zebaki na dawa ya moyo itokanayo na mmea wa digitali, akaoga maji baridi, akajinyima chakula. Hakuna iliyomponya. Yafaa kukumbuka kwamba hizo hazikuwa dawa za vichochoroni; zilikuwa dawa rasmi za zama zake, zilizofundishwa vyuoni na kuandikwa na watu wenye shahada. Alipoandika mara ya pili mwaka 1828 alikuwa amekusanya visa 28 tu, akaona ajabu kwamba hakupata hata kimoja kisicho na shaka miongoni mwa maskini. Watu wa kawaida walikwisha kuyaita maradhi hayo homa ya majani makavu, wakiyahusisha na mavuno ya nyasi za malisho. Bostock aliikataa rai hiyo, akalilaumu joto la jua. Hapo raia walikuwa wameikaribia kweli kuliko mtaalamu, ingawa nao hawakuifikia.

Kabla ya hapo, mnamo 1796, daktari Mjerumani Samuel Hahnemann alikuwa ametangaza mafundisho yaliyoitwa baadaye homiopathia. Kanuni yake ya kwanza ingeeleweka mara moja katika baraza lolote la Waswahili, maana methali yao yasema: dawa ya moto ni moto. Kitu kinachomtia mtu mzima dalili fulani, alisema Hahnemann, ndicho kitakachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Kanuni ya pili ilikuwa ngeni zaidi: dawa izimuliwe tena na tena, tone moja katika matone 99 ya maji au pombe, kisha tone moja la mchanganyiko huo katika matone 99 mengine, na kila hatua itikiswe, kwani aliamini kwamba kuzimua huku kunaongeza nguvu. Hesabu za kemia zaonyesha kwamba baada ya hatua kama 12 za namna hiyo hapana tumaini la kukuta hata chembe moja ya dawa ya asili; na dawa nyingi huzimuliwa mara 30. Madaktari wengi wakawaona wafuasi wa Hahnemann kuwa ama wajinga ama walaghai. Hata hivyo mgonjwa wa mwaka 1830 aliyekwenda kwa mhomiopathia alipata faida moja kubwa: hakutolewa damu wala hakunyweshwa zebaki. Dawa isiyo na kitu yaweza kuwa bora kuliko dawa yenye sumu, na jambo hilo husaidia kueleza kwa nini mafundisho hayo yalienea.

Katika kundi hilo lililodharauliwa ndimo alimotoka mtu aliyeifumbua siri. Charles Harrison Blackley, aliyezaliwa mwaka 1820, alikuwa daktari wa homiopathia katika mji wa viwanda wa Manchester, naye alikuwa mgonjwa wa homa ya majani makavu. Kuanzia mwaka 1859 alijifanya yeye mwenyewe uwanja wa majaribio. Waliomtangulia walikuwa wameshitaki joto, mwanga, vumbi, hewa ya ozoni na harufu ya nyasi zilizokauka. Blackley hakubishana nao kwa maneno. Alichukua kila mshitakiwa mmoja mmoja, akamnusa, akamvuta, akakaa naye, akaandika yaliyotokea. Karibu wote wakatoka bila hatia. Ndipo alipoigeukia chavua, na pua yake ikatoa ushahidi papo hapo. Hakutosheka na aina moja. Alijaribu chavua ya nyasi za namna nyingi, wakati wa kiangazi na nje ya kiangazi, maana maradhi yakiweza kuitwa wakati wa baridi kwa chavua iliyohifadhiwa, basi jua halina kosa.

Kisha akafanya majaribio mawili ambayo elimu ya mzio ingali ikiyatumia. La kwanza, aliichana ngozi ya mkono wake kidogo, akaweka chavua iliyoloweshwa juu ya mchano, na juu ya mkono mwingine akaweka mchano usio na chavua ili apate kulinganisha. Upande wa chavua ulivimba na kuwasha. Upande wa pili haukufanya neno. Hiki ndicho kipimo cha ngozi ambacho hata leo hufanywa katika hospitali za dunia nzima. La pili, alitaka kujua chavua inafikaje puani mwa mtu aliye mbali na shamba. Alipaka vipande vya kioo kitu cha kunata, akaviweka upeponi, akazihesabu chembe kwa hadubini siku kwa siku, akaona kwamba hesabu ikipanda mateso yake hupanda, ikishuka hushuka. Tena akavirusha vioo vyake kwa tiara mpaka mbinguni juu, akakuta chavua inasafiri kule vilevile. Mwaka 1873 alitoa kitabu chake, na Charles Darwin, aliyekuwa bingwa wa habari za maua, akamwandikia barua kwa shauku.

Mambo mawili katika kazi hiyo yastahili kutazamwa kwa utulivu. Kwanza, Blackley hakuitumia homiopathia kuitafuta sababu. Aliitumia njia ya kupima, kulinganisha na kuhesabu. Jina lililoandikwa mlangoni pake halikuongeza wala kupunguza uzito wa hesabu zake. Pili, baada ya kuijua sababu kwa ukamilifu kuliko mtu yeyote aliyemtangulia, hakuwa na dawa ya kuponya. Aliona pia kwamba wakulima, walioishi ndani ya chavua, waliugua kwa nadra, akauliza kama kuzoea hakuwezi kuwa ngao. Swali hilo lilingoja zaidi ya miaka 35 kupata mtu wa kulijibu.

Wakati huo wa kungoja, tiba iliyosaidia ilikuwa ndiyo maana ya kale ya neno mzio, yaani kuepuka. Daktari Morrill Wyman wa Cambridge katika jimbo la Massachusetts, aliyekuwa akiugua kila mwisho wa kiangazi, alitambua kwamba huko Marekani mkosaji mkubwa ni gugu la ambrosia, na kwamba wagonjwa hupata nafuu katika milima ya New Hampshire. Mwaka 1870 alipelekewa kifurushi cha gugu hilo kule milimani. Kilipofunguliwa na kunuswa, yeye na mwanawe wakaanza kupiga chafya katika hewa iliyokuwa salama. Mwaka 1874 wagonjwa walianzisha chama chao katika kijiji cha Bethlehem cha jimbo hilo, na mahoteli yakajaa. Ilikuwa tiba ya kweli, lakini ilikuwa tiba ya matajiri. Karani na mfua chuma hawakuweza kuhama wiki sita kila mwaka. Hapo huonekana jambo linalorudi mara kwa mara katika historia hii: tiba ya kweli ikiwa mbali na mkono wa maskini, uwongo ulio karibu hupata wanunuzi. Magazeti ya Marekani na Ulaya ya zama zile yalijaa matangazo ya unga wa kunusa na maji ya kunywa yaliyoahidi kuponya pua, na baadhi ya unga huo ulikuwa na kokeini ndani yake, ambayo kweli hufungua pua kwa saa chache na kumfunga mtu kwa maisha.

Jibu la swali la Blackley lilitoka hospitali ya St Mary's mjini London. Mwaka 1911 Leonard Noon alitangaza kwamba alikuwa akiwachoma wagonjwa sindano za maji yaliyotolewa katika chavua ya nyasi, akianza na kiasi kidogo mno na kukiongeza pole pole, ili mwili uzoee kabla kiangazi hakijafika. Noon alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1913, angali kijana, na mwenzake John Freeman akaiendeleza kazi. Nadharia yao ilikuwa na kosa. Walidhani chavua ina sumu, na kwamba mwili utaunda kinga ya kuipinga kama uundavyo dhidi ya vijidudu. Chavua haina sumu. Kosa limo katika mwili unaoipokea, na protini za damu ziletazo ugomvi huo, ziitwazo IgE, hazikujulikana mpaka mwaka 1966 na 1967. Lakini nadharia yaweza kuanguka na tendo likasimama. Mwaka 1954, katika hospitali ile ile, William Frankland na Rosa Augustin walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 200, ambamo wengine walichomwa maji ya chavua na wengine maji yasiyo na uwezo huo, na wa chavua ndio waliopata nafuu iliyo dhahiri. Frankland aliishi mpaka mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 108, na tiba hiyo, kwa sindano au kwa vidonge vya chini ya ulimi, ingali hai.

Wafuasi wa Hahnemann waliposikia habari hizi walisema: je, hii si dawa ya moto ni moto? Chavua inaponya mateso ya chavua! Hoja hiyo ina utamu, na ndiyo maana yahitaji kupimwa. Kufanana kwa tiba mbili kwa maneno si kufanana kwa matendo. Noon aliongeza kiasi; Hahnemann alipunguza. Maji ya Noon yalikuwa na chavua ya kutosha kumdhuru mtu, na mgonjwa aliyezidishiwa aliweza kuzimia au hata kufa. Ndiyo sababu hata leo achomwaye sindano hizi hukalishwa kwanza mbele ya daktari. Maji yaliyozimuliwa mara 30 hayawezi kumdhuru mtu kwa sababu ile ile ambayo ni vigumu kuamini kwamba yanaweza kumponya.

Ugumu wa kuamini, hata hivyo, si hukumu. Mwaka 1986 David Reilly na wenzake wa Glasgow walitoa katika jarida la The Lancet matokeo ya jaribio la wagonjwa 144 wa homa ya majani makavu. Baadhi yao walipewa chavua iliyozimuliwa mara 30 na wengine kidonge kitupu, bila mgonjwa wala mtoaji kujua nani amepata nini, na waliopewa dawa waliripoti nafuu zaidi. Jaribio hilo lilitikisa watu wengi, kwa kuwa lilifanywa kwa uangalifu. Lakini jaribio moja ni shahidi mmoja. Majaribio yaliyofuata hayakukubaliana nalo kwa uthabiti. Lile la Uingereza la mwaka 2002, lililochukua watu 242 wenye pumu ya utitiri wa vumbi, halikuona dawa ikikishinda kidonge kitupu. Baraza la utafiti wa afya la Australia lilipoutazama ushahidi wote kwa pamoja mwaka 2015, lilisema hapana ugonjwa wowote ambao homiopathia imethibitika kwa ushahidi wa kutegemewa kuufaa. Hivyo madhehebu yale yale yaliyomlea mfumbuzi wa sababu yalishindwa mbele ya mizani aliyoitumia mfumbuzi huyo.

Mitishamba ina historia nyingine, nayo huwafedhehesha wenye kuikataa bila kuipima. Wachina walitumia mmea wa mahuang kwa kifua na mafua tangu kale, nao umetajwa katika kitabu chao cha mitishamba kinachonasibishwa na Shennong. Mwaka 1885 Mjapani Nagai Nagayoshi aliitenga ndani yake dawa ya efedrini, na kuanzia mwaka 1924 K. K. Chen na Carl Schmidt, waliofanya kazi Peking, waliieleza dunia nguvu zake. Efedrini na ndugu zake ziliingia hospitalini na madukani, zikafungua pua zilizoziba kwa kuikaza mishipa ya damu. Lakini nguvu haina upande mmoja. Dawa ikazayo mishipa ya pua hukaza na mingine na kuusukuma moyo. Na pua iliyozoeshwa matone ya kukaza mishipa kwa muda mrefu huziba zaidi yakiachwa. Mahuang ilipouzwa Marekani kama kitu cha kupunguza unene na kuongeza nguvu, watu walidhurika na wengine wakafa, na mwaka 2004 serikali ikapiga marufuku uuzaji huo. Mmea uliokuwa wa asili kabisa ulikuwa wa hatari kabisa mikononi mwa mtu asiyejua kiasi.

Kisa cha mmea wa khella ni kizuri zaidi. Huu ni mmea wa nchi za pwani ya Bahari ya Kati, na watu wa Misri waliutumia zamani kulegeza misuli ya tumbo na kifua. Roger Altounyan, daktari wa asili ya Kiarmenia na Kiingereza ambaye jamaa zake walikuwa na hospitali mjini Aleppo, alikuwa na pumu ya kuugusia manyoya ya panya wa Guinea. Alipofanya kazi katika maabara ya dawa huko Uingereza, alichukua viumbe vya kemia vilivyotengenezwa kwa mfano wa kiini cha khella, akavivuta kifuani, kisha akavuta kwa makusudi kitu kinachomletea pumu, akapima pumzi zake. Alifanya hivyo mara mamia kwa miaka mingi. Mwaka 1965 kilipatikana kiumbe kilichoitwa kromoglikati, ambacho hakitibu shambulio lililokwisha kuanza, bali hulizuia lisianze. Kikatengenezwa cha kuvuta kifuani, kisha cha puani na cha machoni. Mhadhiri wa mitishamba apenda kusema kwamba khella ndiyo dawa. Mhadhiri wa kemia apenda kusema kwamba khella ilikuwa kisingizio tu. Kweli imo katikati: mkulima wa Misri alionyesha mlango, na mtu aliyekubali kujiugua kwa hiari mara mamia ndiye aliyeufungua.

Si kila mlango huongoza chumbani. Mmea wa Ulaya uitwao Petasites ulijaribiwa na daktari Andreas Schapowal kwa wagonjwa 125 kwa majuma mawili, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha unalingana na kidonge cha kawaida cha kuzuia histamini. Lakini mmea huo katika hali yake ya asili una viini vinavyoharibu ini, na mwaka 2012 wakuu wa dawa wa Uingereza waliwaonya watu wasiutumie. Asali ya jirani nayo ina sifa kubwa: husemwa kwamba nyuki wa mtaani hutia ndani yake chavua ya mtaani, na mwenye kuilamba huzoea kama kwa sindano ya Noon. Hoja hii ina shimo. Chavua inayowatesa watu ni ya nyasi na miti inayotegemea upepo, ilhali nyuki huendea zaidi maua yenye utomvu, ambayo chavua yake ni nzito na haipeperuki. Jaribio dogo la watu 36 lililofanywa Connecticut na kutangazwa mwaka 2002 halikuona tofauti kati ya asali ya jirani, asali ya mbali, na sharubati iliyotiwa ladha ya asali. Sindano za Kichina zilipimwa Ujerumani kwa watu 422, na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba baada ya majuma manane waliochomwa mahali panapofundishwa walikuwa na nafuu kidogo kuliko waliochomwa mahali pasipo na maana. Baada ya majuma 16 tofauti ilikuwa imetoweka. Nafuu ndogo si uwongo, wala si muujiza.

Tiba iliyo nyenyekevu kuliko zote ndiyo iliyovumilia mizani kuliko nyingi. Kuosha pua ni desturi ya Wahindi wa yoga, ambao kitabu chao Hatha Yoga Pradipika, cha karne ya 15, chaitaja neti ya uzi upitishwao puani. Neti ya maji ya chumvi ni ndugu yake. Waislamu nao hupandisha maji puani katika kila udhu, kwa ajili ya ibada na si kwa ajili ya tiba. Uchunguzi uliokusanya majaribio mbalimbali mwaka 2018 ulisema kwamba maji ya chumvi yaweza kupunguza dalili za mafua ya mzio, ingawa ushahidi wake si wa nguvu nyingi. Kazi yake haina fumbo: maji huondoa kamasi pamoja na chavua iliyonasa. Lakini hata maji yana sharti. Mwaka 2011 watu wawili wa Louisiana walikufa baada ya kuosha pua kwa vyombo vya neti vilivyojazwa maji ya bomba yenye kijidudu kiitwacho Naegleria fowleri, kisichodhuru kikinywewa bali huingia ubongoni kikipitia puani. Maji yaliyochemshwa yakapoa yangaliwaokoa.

Habari hizi zawahusu watu wa Afrika ya Mashariki kwa karibu. Hapa majira hayagawanyiki kama ya Manchester, na mafua ya mzio aghalabu hutokana na utitiri uishio katika vumbi la magodoro, ambao wataalamu wa Leiden waliutambua kuwa mkosaji mwaka 1964. Kwa hiyo chafya za mgonjwa hazingoji mavuno. Mgonjwa huyo hujifunika shuka juu ya nyungu ya majani, mvuke ukamlegeza kamasi kwa saa moja au mbili, na chungu kikipinduka humwunguza; au hununua chupa ya dawa isiyo na maandishi; au huambiwa na hospitali iliyojaa wagonjwa wa malaria kwamba mafua hayaui, arudi nyumbani. Tanzania ilianzisha kitengo cha utafiti wa tiba asili Muhimbili mwaka 1974, na sheria yake ya tiba asili na tiba mbadala ilipitishwa mwaka 2002. Vyombo hivyo ni vya thamani vikifanya kazi aliyoifanya Blackley: kuchukua kila jani linalosifiwa, kulilinganisha na jani lisilosifiwa, na kuandika hesabu hata kama hesabu inaumiza sifa.

Mpaka ulio muhimu katika historia hii, basi, haukupita kati ya Mzungu na Mchina, wala kati ya hospitali na kilinge, wala kati ya jani na kidonge. Zebaki ya Bostock ilikuwa ya hospitali, nayo haikufaa. Khella ilikuwa ya kijijini, nayo ilizaa dawa. Aliyeijua chavua alikuwa mhomiopathia, na homiopathia haikuiponya. Mpaka ulipita kati ya waliokubali kupimwa na waliotaka kuaminiwa. Mganga anayekataa kupimwa humnyima mgonjwa haki yake, na daktari anayekataa kupima kitu kwa sababu kimetoka kwa mganga humnyima haki ile ile. Kati yao hukaa mtu mwenye kitambaa mkononi na macho mekundu, ambaye amelipa pande zote mbili, na ambaye usiku huu hatalala.